Salamu Zilizomaliza Dakika Tatu

Mama Neema,

Basi la Jumapili limebaki.

Nimelitanguliza hilo makusudi. Wewe ungeanza kwa kuniuliza nimeamkaje, wanangu wameamkaje, mama yangu kule Mombasa magoti yake yanaendeleaje, na habari yenyewe ingefika chai imeshapoa. Mimi sina subira hiyo, unanijua. Na jambo hili lilikukaa rohoni mpaka mwisho, kwa hiyo sitaki ulingojee hata kidogo. Limebaki. Halipiti mara nyingi kama zamani, na ukilikosa moja utasimama juani mpaka uchoke, lakini linapita. Niko ndani yake sasa hivi, nimekaa upande wa dirisha, kiti chako kiko wazi pembeni yangu na mkoba wangu ndio umekikalia. Mwandiko ukiyumba usinicheke, barabara za huku mtaani kwetu Alief ni zilezile.

Haya, sasa nikuamkie. Hujambo, Mama Neema? Huko uliko pamekaaje?

Sisi hatujambo. Neema yuko Cedar Hill, karibu na Dallas, kwa kaka yako, kama mlivyokubaliana zamani kwamba lolote likitokea aende huko. Ameanza chuo. Nikimpigia simu namsalimia kwa Kiswahili safi, naye ananijibu, "I'm good, Aunty, nime-apply kazi ya weekend, they said wata-call." Nacheka, kisha nikikata simu naendelea kuishika mkononi, maana sauti yake imeanza kuwa yako. Anapiga mswaki na kuimba kwa wakati mmoja, mke wa kaka yako ameniambia. Nikasema hilo amelirithi, msimkataze.

Mimi nimenunua gari. Naona unavyoshika mdomo. Ndiyo, mimi niliyekuwa nikifumba macho kila basi likiingia barabara kuu. Mtihani wa kuegesha niliufeli kwanza, nikapanda juu ya ukingo mbele ya askari, nikarudia. Siku nyingine za kazi naendesha. Lakini Jumapili naliacha chini ya nyumba na kuja kituoni kwa miguu, pale kwenye nyasi zisizo na njia ya kupita, na majirani wanadhani nimerukwa na akili. Msimamizi wetu pale nyumba ya wazee aliniuliza, "Zainabu, si una gari, bus ya nini?" Nikamwambia naliangalia kama lipo. Hakuelewa, na sikuwa na haja aelewe.

Bi Ernestine anakusalimu. Bado yuko chumba kilekile cha mwisho, bado hataki mtu mwingine amchane nywele ila mimi, na bado analalamika kwamba tangu uondoke shuka hazikunjwi vizuri. Kweli hazikunjwi vizuri. Aliyechukua nafasi yako chumba cha kufulia ni mama mmoja kutoka Fizi, kule kwenu, mgeni kabisa, hajatimiza hata mwaka nchini. Mpole, ana haya, anasema "aksanti" kama wewe. Naye hana gari. Jumapili ya kwanza nilipomwona pale kituoni na kitambaa chake kichwani ilibidi nigeuke nitazame upande mwingine.

Bi Ernestine ndiye aliyetufungua macho, unakumbuka? Lile tangazo lilikuwa limebandikwa nyuma ya dereva wiki nzima, kwa Kiingereza na Kihispania, herufi ndogo kama mchele. Nikalisoma nikakwambia wanataka kuondoa basi letu siku ya Jumapili. Wewe ukasema, "Basi, bakubwa bameamua." Mimi nikaanza kutukana kimoyomoyo. Siku hiyo tulipokuwa tukimgeuza Bi Ernestine kitandani nikamsimulia kwa hasira tu, sikutegemea jibu. Yeye alikuwa mwalimu, na ujanani mwake alilazimika kukaa viti vya nyuma vya mabasi ya mji huuhuu. Akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo. Akasema hawawezi kuamua hivihivi. Akasema wakishapokea fedha za serikali ya Washington, sheria ya haki za raia inawabana: kabla hawajapunguza huduma lazima watazame kwanza itamuumiza nani, na kama mzigo unawaangukia zaidi watu weusi au watu waliotoka nje, wawaeleze watu kwa nini, na watafute njia nyingine. "Na lazima wawasikilize," akasema. "Nendeni."

Nilikutafsiria yote hayo ukiwa umebeba kapu la taulo. Ukalitua chini. Ukaniuliza kama ni kweli kwamba wakubwa wa hapa wameandikiwa sheria ya kujiuliza kuhusu sisi. Nikasema ndiyo. Ukasema, "Basi bametukaribisha. Tutaenda." Na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, Mama Neema, kwa sababu mimi nilikuwa naenda kugombana na wewe ulikuwa unaenda ugenini.

Nikikumbuka ile jioni ya kikao cha bodi ya mabasi bado nashika kichwa. Wewe umevaa kitenge chako cha harusi za watu, kilemba kimesimama. Neema pembeni na suruali yake ya jeans, aliyekubali kutafsiri kwa sharti kwamba usimwaibishe. Ukumbi baridi kama friji, wajumbe wa bodi wamepanga mstari juu, na mbele ya maiki kile kitaa cha kuhesabu muda: kijani, njano, nyekundu. Dakika tatu kwa kila mtu. Njia nzima nilikuwa nimekuimbia: Mama Neema, sema basi, sema Jumapili, sema kazi, kaa. Basi, Jumapili, kazi, kaa. Ukaitikia kila mara.

Ukafika kwenye maiki. Ukainamisha kichwa. Ukamsalimu mwenyekiti. Ukawasalimu wajumbe, kulia kwanza, halafu kushoto. Ukawaomba radhi kwa kuwachelewesha kwenda kwa familia zao. Ukasema unaitwa nani, wa baba nani, umetokea Uvira ukapitia kambi ya wakimbizi, na unaushukuru mji huu kwa kukupokea. Na kila sentensi Neema akaitafsiri, uso umemwiva kwa aibu, kwa hiyo kila salamu ilisemwa mara mbili. Kitaa kikawa njano. Nikakohoa. Wewe ukadhani kweli nina kikohozi, maana ulinitazama kwa huruma, kisha ukamwona yule bwana aliyekaa meza ya pembeni, ambaye naye tangu mwanzo alikuwa akikohoa ndani ya leso. Ukamgeukia, ukamwita papa, kama kwenu mnavyomwita kila baba mtu mzima. "Na ule papa mwenye kukohoa, pole sana. Ukunywe tangawizi ya moto." Neema akafumba macho akasema, "She says sorry for your cough. She says drink hot ginger." Ukumbi mzima ukacheka. Yule bwana akacheka pia, akakohoa zaidi.

Ukasema, "Sasa, ile tulikuja kusema..."

Nyekundu. Kengele. Maiki ikazimwa.

Ukasema "aksanti" kwenye maiki iliyokufa, ukarudi ukakaa, umetulia kama mtu aliyemaliza kazi yake vizuri.

Kwenye basi la kurudi nilikufokea, nawe unajua sikufoka kidogo. Nikasema umetumia dakika zote kuwajulia hali watu wanaotaka kukuondolea riziki. Kama Jumapili hakuna basi hakuna kazi, maana zamu yako ni ya Jumapili na msimamizi ameshasema hana nyingine. Neema ametazama dirishani kana kwamba hatujui. Uliningoja nikamaliza. Ukasema, "Mombasa." Ndivyo ulivyoniita, kana kwamba mji mzima umehamia Alief kupitia mimi. "Mombasa, kwetu hatuanzaka maneno bila kusalimia batu. Nikianza na basi, batajua niko nani?" Nikakuuliza, haya, na hilo basi ulitaka kusema nini? Ukaniambia. Neno moja tu ulilokuwa umelipanga, swali. Nikalirudia kichwani mpaka kituo chetu.

Mpaka leo naamini ulikosea. Salamu zile zingetosha kwa nusu dakika. Lakini pia naamini kitu kingine, na nitakuambia kwa sababu hukuishi kuusikia mwisho wake.

Yule bwana wa kikohozi ndiye hasa aliyekuwa na kazi ile. Yeye ndiye aliyeandika tathmini, ndiye waliyempa jukumu la kutazama nani ataumia. Kikao kilipokwisha alitufuata mpaka mlangoni, akamwuliza Neema mama alikuwa anataka kusema nini. Wewe hukumwambia. Ukamwambia aje aone, Jumapili, kituoni kwetu, kama unavyomkaribisha mtu kwako. Nilidhani ni adabu tu na yeye ataitikia kwa adabu. Akaja! Na kofia ya jua, na mkebe wa kahawa, akapanda nasi mpaka kule nyumba za wazee upande wa Katy. Akaona nani wako ndani ya basi lile siku ambayo mji unalala: wapishi, wafagizi, wauguzi wasaidizi, wewe na kilemba chako, wale dada wa El Salvador, yule mzee Mvietnamu wa jikoni, na Wamarekani weusi wa zamu ya asubuhi. Akaniambia wao walihesabu abiria siku za wiki, wakati wanafunzi na watu wa ofisini ndio wengi, wakalitazama basi la wiki nzima kama kitu kimoja, bila kuitenga Jumapili. Na karatasi ya maswali haikuwa na lugha yetu wala ya yule mzee. Hakujitetea. Alisema tu kwamba itabidi arudie.

Wewe ukaona mtu huyu ametufanyia wema mkubwa. Ukapika sombe, kile kisamvu chenu cha samaki. Ee Mola, ile sombe! Ukaifunga kwenye bakuli na taulo juu, tukabadilisha mabasi nayo mpaka ofisini kwake katikati ya mji, harufu ya samaki imejaa lifti ya watu wenye tai. Yule bwana akatoka akaweka mikono nyuma kama mtoto aliyekatazwa. Haruhusiwi kupokea chochote, akasema, hata chakula, na akaomba radhi mara nyingi. Uso wako ukasawijika. Tukaenda kuila wenyewe kwenye benchi nje, na mimi nikakupa somo: Mama Neema, huyu hajatupa hisani. Ni wajibu wake. Sheria inamlazimisha. Hata angekuchukia ingembidi atazame. Ndiyo raha yake, kwamba hatumwombi mtu moyo mzuri. Ukatafuna, ukafuta vidole. "Nimesikia. Lakini hata mutu akifanya kazi yake tu, tunamushukuruka." Nikakwambia hushindiki. Ukanicheka, ukaniongezea samaki.

Ulianguka kabla hajamaliza kurudia. Katikati ya wiki, chumba cha kufulia, shuka zikiwa bado zina moto. Nilikuwa juu namlisha Bi Ernestine nikasikia wanaita. Nilipofika ulikuwa umelala juu ya nguo safi na uso wako hauna shida yoyote, na mimi nikakupangusa mikono kwa sababu sikujua la kufanya. Daktari alisema ni damu kupanda, hukusikia maumivu ya muda mrefu. Nimeyashika maneno hayo.

Matanga yako yalijaa, Mama Neema. Kaka yako alikuja na watu wa Dallas, wa kanisa lako waliimba mpaka sakafu ikatikisika, na dada zangu wa msikitini walikuja na sufuria zao. Mimi nilipika pilau, nikalia ndani yake, ikatoka na chumvi sawasawa. Nilikumbuka Ramadhani ile ulivyoniwekea tende kwenye mfuko wa aproni yako, ukatoka nje mwenyewe kutazama jua limezama au bado, wewe Mkristo wa watu, ukarudi ukasema, "Kula sasa, nimelihakikisha." Nani mwingine atanitazamia jua?

Nakukosa. Nasema hivyo bila mapambo. Nakukosa hata kwa yale yaliyonichosha.

Kikao cha pili kikaitishwa, tathmini mpya imekamilika. Watu waliniuliza naenda kufanya nini, nimeshaanza masomo ya gari na wewe hupo tena wa kupoteza kazi. Ni kweli. Lakini uliacha sentensi yako katikati, na mimi ndiye pekee niliyejua ilivyoendelea. Nikamwomba Neema aje kutoka Cedar Hill. Akaja, mjomba wake akamleta, akakaa mstari wa mbele na kitambaa chako shingoni.

Nilikuwa nimejipanga kuingia moja kwa moja. Hakuna salamu, hakuna asante, wapate ya uso. Nikafika kwenye maiki, kitaa kikawa kijani, nikainua macho nikamwona yule bwana meza ya pembeni. Hakuwa akikohoa. Alikuwa na kikombe mbele yake, na Neema ananiapia kwamba ilikuwa tangawizi, mimi siapi. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikamsalimu mwenyekiti. Nikawasalimu wajumbe, kulia na kushoto, kwa mkupuo mmoja. Halafu nikasema, kwa Kiingereza changu cha Mombasa, kwamba nimeleta swali la mwanamke aliyesimama hapa kabla yangu, akawasalimu kama inavyompasa mtu kuwasalimu wenyeji wake, na muda ukamwishia. Nikasema alikuwa akifua shuka za wazee wao. Nikasema amefariki, na swali lake ni hili.

Siku ya Jumapili, wazee hawachafuki?

Wewe ulilisema vizuri zaidi kwenye basi, "Dimanche bazee habachafuki?", na kile kicheko chako kidogo cha mwisho. Mimi sikucheka. Mjumbe mmoja wa kike, mzee kidogo, alivua miwani. Nadhani ana mama yake mahali fulani, nyumba kama yetu.

Nilikuwa na muda umebaki, kwa hiyo nikagombana kidogo, usinikasirikie. Nikawaambia dakika tatu kwa kila mtu zinaonekana sawa, lakini anayesema kupitia mtoto wake anapewa nusu, maana nusu nyingine ni ya mtoto. Kama mna sheria ya kujiuliza nani anaumia, anzeni na hicho kitaa chenu. Yule bwana akaandika. Kengele ikalia nikiwa nimeshakaa.

Tathmini yake mpya ilisomwa hadharani. Ilisema bila kuzunguka kwamba kuondoa basi la Jumapili kungewaangukia zaidi watu weusi na wahamiaji wenye kipato kidogo, na hakukuwa na njia nyingine kwao ya kufika kazini. Bodi ikajadiliana, ikaahirisha, ikajadiliana tena, nami nikang'ata kucha zote. Mwishowe wakapunguza safari wakaliacha basi. Si ushindi wa kupigiwa vigelegele, lakini mama wa Fizi ana kazi.

Na kitaa nacho kimebadilika. Anayesema kupitia mkalimani sasa anapewa muda maradufu, na mkalimani wanamleta wao, si mtoto wa mtu. Dakika sita, Mama Neema! Ungewasalimu wajumbe wote na mababu zao, ungemwuguza yule bwana mpaka apone, na bado basi lingepata nafasi. Niliposomewa habari hiyo niliingia chumba cha kufulia, nikafunga mlango, nikacheka na kulia palepale penye mashine zako.

Nimeona tangazo jingine wiki hii. Safari hii wanataka kupandisha nauli. Neema ameniahidi atakuja tena, na ameniambia, "Aunty, this time mimi nita-speak." Nakuahidi sitamwacha aende peke yake, na mama wa Fizi nitamchukua. Kila watakapotaka kubadilisha kitu bila kutazama kinamwangukia nani, watatukuta tumekaa mbele. Na tutasalimia. Kwa ufupi, lakini tutasalimia.

Bi Ernestine ananingoja nimchane, na basi linapinda kona ya mwisho. Pumzika, dada yangu. Shuka zako nitazikunja mimi leo kabla sijaondoka, zikae unavyotaka wewe.

Kituo chetu hiki, nashuka. Dereva amefanya kazi yake tu, najua. Nitamwambia aksanti.

Wako,
Mombasa